Uzi: Miwani ya uhalisia pepe kwenye chumba cha kemo. Ivaliwe saa ngapi, nani asivae, na ndani yake iwekwe picha gani

#1 nesi_wa_dripu (Moshi)

Wakuu, salaam. Kwenye uzi wa vifaa tiba watu wanabishana kama miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu picha iliyomzunguka pande zote, inamtuliza mgonjwa wa saratani au ni anasa. Nimefungua huu tuongelee kazi yenyewe, maana pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi kutegemea miwani imevaliwa saa gani.

Hofu ya siku ya kemo, yaani dawa za saratani za mshipani, haikai kiwango kimoja. Kwa wagonjwa wengi inapanda wakati wa kusubiri majibu ya damu, inafika juu kabisa mkono unapofungwa mpira kutafuta mshipa, halafu inashuka dripu ikishaonekana inakwenda vizuri. Sasa angalia inavyofanyika mara nyingi: miwani inatolewa kabatini dripu ikishatulia, kwa sababu hapo ndipo nesi anapata nafasi. Inapelekwa mahali ambapo hofu imeshaanza kuondoka yenyewe, kisha inasemwa haikusaidia. Saa yake hasa ni kama dakika tano kabla ya kanula (kile kimrija kinachoingizwa mshipani), na ikae mpaka plasta imebandikwa.

Saa ndefu za dripu zina faida ya aina nyingine: muda unaonekana mfupi. Susan Schneider na Linda Hood wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 123 wa saratani ya titi, utumbo mpana na mapafu. Waliovaa miwani waliona muda wa dawa umepita haraka kuliko ulivyokuwa kwenye saa, lakini usumbufu wa dalili haukupungua kwa kiwango cha maana kitakwimu, wala siku ile wala siku mbili baadaye. Kwa hiyo anayeandika ombi la fedha asiahidi kwamba miwani itaondoa kichefuchefu. Kama ondansetron na dexamethasone, dawa za kuzuia kutapika, hazipatikani kwa uhakika kwenye kitengo chenu, fedha ziende huko kwanza. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Ukipanga kwa aina ya dawa ya kemo inakuwa hivi. Doxorubicin, ile nyekundu, inasukumwa taratibu kwa sindano huku dripu ya maji inakimbia. Ikivuja nje ya mshipa inaua nyama. Mgonjwa aone mkono wake na aseme papo hapo akisikia kuungua, kwa hiyo miwani iwe mezani. Ikiisha, mshipa ukasafishwa kwa maji na cyclophosphamide ikaanza, mvishe. Cisplatin inakwenda na maji mengi, lita moja au mbili na zaidi, kwa hiyo mgonjwa ataomba choo: aende kwanza, na kila kipindi cha miwani kiwe kifupi. Mtu anayebanwa mkojo hatulizwi na picha yoyote. Paclitaxel ya saa tatu ndiyo inayoonekana kuwafaa zaidi, na ndiyo yenye mtego mwanzoni.

Kabla ya kumvisha mtu yeyote mpeane ishara. Mkono usio na dripu ukiinuliwa, miwani inatoka bila maswali. Sauti ya ndani iwekwe kiwango ambacho bado anasikia jina lake likiitwa kwa sauti ya kawaida.

#2 mwanafunzi_uuguzi3

Shikamoo, na asante kwa uzi. Huo mtego wa paclitaxel ni upi hasa? Na orodha ya wasiotakiwa kuvaa ikoje?

#3 Tabibu_K (Moshi)

Marahaba.

Paclitaxel ya kawaida haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo inachanganywa na kiyeyushi chenye mafuta ya nyonyo yaliyobadilishwa kikemia pamoja na pombe. Kiyeyushi hicho kinaamsha mzio kwa baadhi ya watu, na mara nyingi unatokea ndani ya dakika 10 za mwanzo, kwenye mzunguko (duru ya dawa) wa kwanza au wa pili. Dalili: kifua kubana, mgongo kuuma ghafla, kuwashwa, kikohozi, presha kushuka, uso na kope kuvimba. Kwa ngozi zetu wekundu wa uso hauonekani kirahisi, hivyo kope na macho ni dalili muhimu, na ndipo hapo miwani inapofunika. Zaidi ya hapo, mgonjwa mwenyewe anaweza kudhani kifua kimebana kwa sababu ya picha.

Utaratibu ninaoushauri: avae wakati wa kanula, avue kabla dawa haijafunguliwa, akae bila miwani dakika 30 kwenye mizunguko miwili ya mwanzo na dakika 15 kwenye inayofuata. Vipimo vya mwanzo vikiwa sawa, arudishiwe. Kwa docetaxel, dawa ya kundi hilo hilo, fuata hivyo hivyo.

Wasiovaa kabisa: mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege ukubwani, mwenye saratani iliyofika kwenye ubongo, mwenye kizunguzungu cha sikio, aliyechanganyikiwa akili, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, uso au kichwa ambao haujapona, mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asipewe, kwa kuwa miwani na rimoti zina sumaku na mawimbi ya redio, na watengenezaji wenyewe wanaonya. Aliyetapika ndani ya saa ile asubiri.

Kuna kundi la katikati linalosahaulika: aliyepewa dawa ya mzio ya sindano au lorazepam (dawa ya kutuliza hofu) kabla ya kemo. Atasinzia. Akisinzia, miwani itolewe. Nusu kilo usoni kwa mtu aliyelala inavuta shingo, na akiamka ghafla ndani ya picha hajui yuko wapi.

#4 mwanafunzi_uuguzi3

Hapo kwenye kichefuchefu naomba kuelewa zaidi. Miwani yenyewe si inaleta kizunguzungu hata kwa mtu mzima wa afya?

#5 Tabibu_K (Moshi)

Inaleta, na sababu yake inaeleweka. Macho yanaona mwili unasogea, sikio la ndani linasema umekaa. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana na tumbo linageuka. Kwa hiyo picha yoyote ambayo kamera inatembea, inaruka au inazunguka, ifute. Kamera isimame, vinavyosogea viwe vitu vya ndani ya picha: maji, majani, ndege. Mtu akigeuza kichwa mwenyewe hakuna shida, kwa sababu sikio nalo limejua kichwa kimegeuka. Kipindi cha kwanza kiwe dakika 5. Akiwa salama, 10 hadi 15. Zaidi ya 20 sioni haja.

Jambo kubwa zaidi ni lile la kichefuchefu cha kutangulia. Mgonjwa aliyetapika sana mizunguko ya mwanzo anaanza kutapika akiona tu geti, au akisikia harufu ya spiriti. Ubongo umefunga pamoja vitu vilivyokuwepo na kutapika. Miwani nayo inaweza kuingia kwenye kifungu hicho. Ukimvisha kila anapoanza kuumwa tumbo, mzunguko wa tatu ataiona tu na kugeuza uso. Ndiyo maana ionjwe siku ambayo hakuna dawa, kwa mfano siku ya kuja kupima damu. Ivaliwe tumbo likiwa limetulia. Itoke dalili ya kwanza ikianza. Na isipuliziwe manukato wala kuvaliwa ikiwa bado inanuka spiriti.

#6 fundi_lenzi (Arusha)

Wakuu, niongezee upande wa kifaa.

Zinazoonekana mitaani kwetu ni za kampuni ya Meta: Quest 2 (gramu 503), Quest 3 (gramu 515) na Quest 3S (gramu 514). Tofauti ya uzito haina maana, tatizo ni kwamba uzito wote uko mbele. Mkanda wa kitambaa unaokuja nao unabana kichwa ili kushikilia mbele, na kwa mtu ambaye nywele zimenyonyoka na ngozi ya kichwa inauma, hiyo ni adhabu. Nunua mkanda mgumu wenye kikombe kisogoni, na mgonjwa avae kofia laini ya pamba ndani. Mvishe hivi: weka kikombe kisogoni kwanza, teremsha miwani mbele, kaza mkanda wa juu ili uzito ubebwe na utosi, ndipo ukaze wa pembeni kidogo tu. Ukianza na wa pembeni utabana mashavu, na ukungu utaingia.

Ukungu kwenye lenzi unatokana na lenzi baridi na uso wenye jasho. Moshi mwezi wa pili joto lenyewe mnalijua. Washa miwani dakika 5 kabla ya kuvaa ili lenzi zipate joto, na mgonjwa afute uso kwa kitambaa kikavu.

Picha ikiwa na ukungu ambao haufutiki, siyo uchafu, ni umbali wa macho. Quest 2 na 3S zina hatua tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu la kusogeza kidogo kidogo. Pima kwa rula ya milimita: iweke kwenye paji la uso juu ya nyusi, mgonjwa akuangalie jicho lako la kushoto, weka sifuri kwenye mboni ya jicho lake la kulia, kisha akuangalie jicho lako la kulia, soma namba kwenye mboni ya jicho lake la kushoto. Andika kwenye kadi yake ili usipime tena. Lenzi zisipokaa sawa na mboni, kichwa kinauma ndani ya dakika chache, na watu wanadhani ni kemo.

Jua ndilo linaloua hivi vifaa kwetu kuliko kuanguka. Lenzi inakusanya mwanga wa jua na kuchoma kioo cha ndani, na doa lake halitoki. Haihitaji saa nzima, muda mfupi dirishani unatosha. Miwani isiwekwe lenzi zikiangalia juu karibu na dirisha, na ikivushwa kutoka jengo moja kwenda jingine iwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Mpaka wa kuchezea, ile nafasi ambayo miwani inamruhusu mtu asogee, uweke wa mtu aliyekaa, usiuchore chumba kizima. Kamera za miwani zinahitaji mwanga. Ukizima taa ili mgonjwa atulie, picha itaanza kuelea au itatoa onyo katikati ya kipindi. Na masasisho: iwashwe na kuunganishwa intaneti jioni ya siku moja kabla, imalize mambo yake. Video zipakiwe kwa kebo kutoka kwenye kompyuta ili siku ya kliniki intaneti isihitajike kabisa.

Rimoti ashike nesi, afungue video, aiweke pembeni. Mkono wenye kanula hauna kazi ya kubonyeza kitu.

#7 njiro_meza

Mkuu, hiyo ni fedha nyingi. Quest 3S ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299 huko Marekani, bado usafiri na ushuru. Yale maboksi ya kuingizia simu je?

#8 fundi_lenzi (Arusha)

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza simu iwe na jairo, kile kihisi cha kujua kichwa kimegeuka. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na bila hiyo picha haifuati kichwa, inaganda au inasogea yenyewe, ambayo ni njia ya uhakika ya kutapisha mtu. Pili, simu inapata joto mbele ya macho na kioo chake kikipanuliwa pikseli zinaonekana kama wavu. Kwa dakika 5 za kanula linaweza kufaa, likishikwa kwa mkono usiochomwa bila kufungwa kichwani. Kwa dripu ndefu, hapana.

#9 sauti_ya_mlima (Moshi)

Naomba nipinge kidogo, kwa heshima. Bei ya miwani moja inanunua vipokea sauti vya masikioni vya kitengo kizima. Mgonjwa akisikia sauti ya maji na mtu anayemwongoza kupumua kwa Kiswahili, au kwa Kichagga kwa bibi wa Rombo, anatulia pia. Hakuna kizunguzungu, anaona mkono wake, nesi anaona uso wake. Na nesi akikaa dakika tatu akamweleza mgonjwa hatua zinazofuata, hiyo dawa hakuna kifaa kinachoifikia.

#10 nesi_wa_dripu (Moshi)

Hatupingani sana. Kila asiyeruhusiwa miwani kwenye orodha ya daktari apewe sauti, na maelezo ya nesi yanatangulia vyote. Nakubali pia kwamba kitengo kisicho na chochote kianze na sauti.

Ila sauti haifuniki macho. Mgonjwa anayeogopa sindano anaiona ikija, anaona trei, anaona mwenzake kiti cha pili anatapika. Akili ina kiasi chake cha umakini, na hofu inakula humo humo; picha iliyomzunguka pande zote inachukua sehemu kubwa ya umakini huo kuliko sauti peke yake. Ndiyo msingi wa kazi ya Hunter Hoffman na David Patterson kule Seattle, walioanza miaka ya 1990 kutumia uhalisia pepe kwa wagonjwa wa kuungua moto wakati wa kusafishwa vidonda, na baadaye wakatumia dunia ya theluji ya kompyuta.

Upande mwingine, wapo wagonjwa wanaotaka kuiona sindano inavyoingia. Kuona ndiko kunakowatuliza. Uliza: "Mama, unapenda uone ninachofanya au upumzishe macho?" Akisema anataka kuona, maliza hapo, usimbembeleze.

#11 sauti_ya_mlima (Moshi)

Sawa mkuu, nimekuelewa. Basi nichangie ninachokijua, sauti. Maelekezo ya pumzi yawe sekunde 4 kuingiza na 6 kutoa, hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Rekodi sauti ya mtu mzima mwenye utulivu, asisome kama mtangazaji. Sentensi moja, kisha kimya cha kutosha. Aliye na maji kwenye mapafu asilazimishwe mwendo huo, atakosa hewa na hofu itaongezeka. Kwake weka sauti ya mazingira tu. Upepo kwenye maikrofoni unasikika kama radi ndani ya miwani, kwa hiyo ifunikwe manyoya ya kuzuia upepo, na sauti irekodiwe kwa kifaa cha pembeni.

#12 duluti360 (Arusha)

Nimefurahi mmefika kwenye picha, maana hapa ndipo kazi ya kwetu ilipo. Video nyingi za bure ni fukwe za ughaibuni na misitu ya misonobari. Siyo mbaya, lakini mgonjwa wa Machame anatulia haraka zaidi akiona mahali anapopajua.

Kamera iwe ya nyuzi 360 yenye angalau 5.7K, yaani pikseli 5760 kwa 2880. Sababu ni hesabu rahisi: pikseli hizo 5760 zimezunguka duara zima, na mgonjwa kwa wakati mmoja anaona kama robo yake, pikseli 1440 hivi. Ya 4K inabaki na 960, picha inakuwa na ukungu na macho yanachoka. Ukitoa video ya dakika 10 kwa megabiti 60 kwa sekunde inakula GB 4.5. Miwani ya GB 64 itabeba kumi hivi, usijaze kabisa.

Kamera isimame kwenye stendi, sentimita 110 hadi 120 kutoka chini, ambayo ndiyo macho ya mtu aliyekaa. Ukiiweka sentimita 170, mgonjwa aliyeketi atahisi anaelea. Mtu, mti au jiwe lisiwe karibu zaidi ya mita moja na nusu, hasa kwenye mstari ambapo lenzi mbili zinaungana, la sivyo linakatika vipande. Weka sekunde 30 za mwanzo bila tukio lolote ili mgonjwa azoee.

Sasa kosa linaloharibu kazi nzuri: viti vya kemo vinalazwa. Mgonjwa aliyelala nusu anaangalia dari, kwa hiyo ndani ya miwani anaona mawingu tu na ziwa liko kwenye magoti yake. Kila video itolewe mara mbili. Moja ya kukaa, nyingine upeo wa macho umeinuliwa nyuzi 30 hadi 45 kwenye programu ya kuhariri, uandike kabisa "kulala" kwenye jina la faili. Kubonyeza kitufe cha kurudisha katikati kunasaidia kushoto na kulia, lakini usitegemee kitakurekebishia juu na chini.

Mahali: Ziwa Duluti asubuhi kabla upepo haujaanza, msitu wa Rau pale Moshi, mbega wakiwepo ni bahati, Ziwa Chala kutoka chini kando ya maji, siyo kutoka kwenye ukingo wa juu. Kibo anaonekana vizuri alfajiri, mawingu yakipanda saa tatu amefunikwa. Duluti na Rau ni misitu ya hifadhi, omba kibali cha TFS (wakala wa misitu) kabla hujafungua stendi; ndani ya hifadhi za taifa ni TANAPA; na droni usirushe bila kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga). Droni yenyewe haifai kwa kazi hii, kamera inatembea.

Vitu vya kukwepa: ukingo wa juu, maporomoko ukiwa umesimama chini yake karibu sana, umati unaomwangalia mgonjwa usoni, na chakula cha aina yoyote. Mtori unaochemka unapendeza kwako, kwa aliyepigwa cisplatin ni mwaliko wa beseni.

#13 mwanafunzi_uuguzi3

Usafi je? Tuna wagonjwa ambao kinga zimeshuka sana, na miwani inakwenda uso kwa uso.

#14 nesi_wa_dripu (Moshi)

Sponji iliyokuja nayo itoe kabisa. Inanyonya jasho na haiwezi kutakaswa ipasavyo. Weka kifuniko cha silikoni, ununue vitatu: kimoja usoni, kimoja kinakauka, kimoja akiba. Baada ya kila mgonjwa: nawa mikono, toa kifuniko, kioshe kwa maji na sabuni, kifute kwa spiriti ya asilimia 70 na kiachwe kikauke chenyewe. Mkanda na plastiki ya nje vifutwe kwa kitambaa chenye kitakasa kilichokamuliwa, kisichirizike. Lenzi ziguswe na kitambaa kikavu cha kufutia miwani tu. Spiriti inaharibu utando wa lenzi, na klorini isiikaribie kabisa. Rimoti na vipokea sauti navyo vifutwe, vinasahaulika sana.

Mgonjwa ambaye nyutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu) ziko chini ya 500 kwa maikrolita asishirikishwe miwani ya wote. Mpe sauti kwa vipokea sauti vyake mwenyewe.

Na heshima. Kichwa cha mtu mzima hakiguswi bila ruhusa. "Baba, naomba nikuguse kichwani nikufungie." Kwa mama mwenye mtandio, mkanda unakaa juu ya mtandio mwepesi vizuri tu, na avishwe na nesi wa kike.

#15 wodi_ya_watoto

Kwa watoto wanaochomwa sindano ya uti wa mgongo au kutolewa uboho mambo ni tofauti, niseme kwa ufupi. Mtengenezaji wa Quest anaruhusu kuanzia miaka 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wa chini ya hapo macho yake mara nyingi yako karibu kuliko milimita 58, picha haikai sawa. Halafu analala ubavu amejikunja: mkanda mgumu unamgandamiza sikio na picha inakuwa imelala kama yeye. Ukitaka kutumia kwa mkubwa, weka mto wenye tundu chini ya sikio na video iliyozungushwa nyuzi 90. Kwa mdogo, tableti iliyoshikwa na mama usawa wa macho inafanya kazi nzuri zaidi. Ganzi na dawa ya usingizi mwepesi havibadilishwi na picha.

#16 mionzi_fizikia

Na upande wa mionzi. Mgonjwa wa kichwa na shingo anavalishwa barakoa ya plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto kama nyuzi 70 na kukazwa mezani. Hakuna nafasi ya miwani humo. Faida yake iko kabla. Mtu wa Moshi anayejiandaa kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza, hofu yake nyingi ni ya kitu asichokijua: chumba, mlango mzito, kuachwa peke yake. Video ya nyuzi 360 ya dakika 4 iliyopigwa kwa ruhusa ya kituo, kamera ikiwa usawa wa kichwa cha aliyelala mezani, pamoja na mlio halisi wa mashine, inaondoa sehemu kubwa ya hiyo. Usiuondoe mlio ili iwe nzuri. Mlio ndio anaotakiwa kuuzoea.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya ndani, kuna muda wa kusubiri baada ya vifaa kuingizwa wakati mpango wa dozi unatengenezwa. Mama amelala, nyonga hazitakiwi kusogea. Hapo miwani inafaa sana, kwa masharti mawili: maumivu yadhibitiwe kwanza, na video iwe na tukio la mbele tu, nyuzi 180, asigeuke kutafuta kitu nyuma. Kwenye MRI haiingii kabisa, ina chuma na sumaku.

#17 njiro_meza

Swali la uongozi: tutajuaje inafanya kazi? Na vibali?

#18 Tabibu_K (Moshi)

Pima mara tatu: akikaa, mpira ukifungwa mkononi, na dakika 15 baada ya kanula. Sifuri hadi kumi kwa vidole vya mikono inaeleweka hata kwa asiyesoma. Ukitaka kipimo kirefu kidogo kuna STAI, dodoso la kupima wasiwasi, toleo fupi la maswali sita, lililochapishwa mwaka 1992. Andika pia mapigo ya moyo, idadi ya kuchomwa mpaka mshipa ukapatikana, na kama alipewa lorazepam. Bila hayo mawili ya mwisho namba zako hazisomeki, kwa sababu aliyechomwa mara nne huwezi kumlinganisha na aliyechomwa mara moja.

Kama ni huduma ya kawaida, ridhaa ya mdomo iandikwe kwenye faili. Ukitaka kuchapisha, pita kamati ya maadili ya utafiti ya chuo na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kumbukeni miwani ina kamera zinazoangalia nje. Zima kurekodi na kushirikisha picha, akaunti iwe ya kitengo isiyo na jina la mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata hili.

#19 njiro_meza

Asanteni sana. La mwisho: miwani moja, viti sita, na umeme unakatika. Nani apewe kwanza?

#20 nesi_wa_dripu (Moshi)

Wa mzunguko wa kwanza, na wenye mishipa migumu. Wapangie wafike mapema kwa kupishana nusu saa, ili kanula zao zisigongane. Dakika 15 za kuvaa na 15 za kusafisha na kukausha, miwani moja inawafikia wote sita ndani ya saa tatu. Aliyezoea na amelala usingizi wake haihitaji.

Betri ya Quest 2 inakwenda saa mbili hadi tatu. Pawabanki ya mAh 10,000 inaijaza mara moja na nusu hivi, kwa hiyo umeme ukikatika asubuhi kliniki inaisha salama. Ichaji wakati wa kusafisha, siyo ikiwa kichwani. Ikibidi ichajiwe mgonjwa ameivaa, kebo ipite upande usio na stendi ya dripu na ifungwe kwenye mgongo wa kiti.